Kipande Kilichokaa Kwenye Kopo: Kisa cha Kozi ya Historia Katika Mji wa Mkonge

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu kozi fupi ya historia na masomo ya jamii iliyoendeshwa kwa watu wazima miaka michache iliyopita, katika mji mdogo wa mkoa wa Tanga uliokulia pembeni ya mashamba ya mkonge. Mimi nilikuwa mratibu wake. Nimeondoa majina ya mji, ya chuo, ya walimu na ya wanafunzi, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Nawaandikia wenzangu wanaoandaa kozi za kujiendeleza katika fani hizi. Mengi tunayosoma kuhusu elimu ya watu wazima yanahusu kusoma na kuandika, ujasiriamali na ufundi. Mtu mzima anayetoa ada mfukoni mwake ili asome historia baada ya kazi haandikwi sana, na akiacha kozi hakuna anayempigia simu kumuuliza kulikoni.

Mazingira

Mtu mzima kukaa darasani jioni si jambo geni hapa kwetu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza mwaka 1960 ikiwa tawi la Chuo cha Makerere, ikaingia chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha ikasimama yenyewe kwa sheria ya mwaka 1975. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wazee wa mji wetu bado wanayakumbuka madarasa ya miaka ile, na vikundi vilivyokusanyika kusikiliza redio wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Kilichokuwa kipya katika kozi yetu ni mtu kulipa ada ili asome habari za mahali alipozaliwa.

Mji wenyewe ni mtoto wa mkonge. Mmea huu uliletwa Pangani mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche elfu moja iliyosafirishwa kutoka Florida kupitia Hamburg, iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakazuka mashamba ya Tanga, Muheza na Korogwe, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa takriban tani 230,000 za katani kwa mwaka. Halafu kamba za plastiki zikaingia sokoni na bei ikaanguka. Mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 30,000. Ukipita barabara kuu utaona nyumba ya korona, mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, iliyoezuliwa bati, reli ndogo za kubebea majani zimezama kwenye nyasi, na mbele kidogo shamba jingine linalolimwa mpaka leo.

Waliolima mashamba hayo hawakuwa wenyeji peke yao. Walikuja Waha na Warundi, Wabena, Wanyamwezi na Wamakonde, wengi wao wakiandikishwa na SILABU, ofisi ya kuajiri ya wenye mashamba iliyoanza mwaka 1944. Waliitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Walilala kambini, wakakata mkonge chini ya nyapara, na siku zao za kazi zikaandikwa kwenye kadi iliyoitwa kipande: zitimie siku 30 za kazi, ndipo mshahara utoke. Wajukuu wa watu hawa ndio walioijaza orodha yetu ya usajili. Sisi hatukulijua hilo, kwa sababu fomu yetu iliuliza jina, umri, kiwango cha elimu na namba ya simu basi.

Kozi ilivyopangwa

Kozi ilikuwa ya wiki 14, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa 11:30 jioni hadi saa 1:30 usiku. Ada ilikuwa shilingi 120,000 kwa awamu mbili. Walijiandikisha watu 34: walimu wa msingi na sekondari 12, watumishi wa halmashauri sita, wastaafu watano, vijana wanne waliotaka kuongoza watalii, wahudumu wa afya watatu, na wengine wanne, wakiwamo mama mwenye duka la vitenge na dereva wa bodaboda. Wanawake walikuwa 13.

Muhtasari tuliuchukua kwenye kozi ya mwaka wa kwanza ya chuo kikuu na kuupunguza. Ulianza na maana ya historia, ukaja na nadharia za jamii za wasomi Marx, Durkheim na Weber, ukapita kwenye biashara ya bahari ya Hindi, ukoloni, uhuru, na ndipo mada ya tisa ikaitwa "historia ya mahali". Notsi zilikuwa za Kiingereza. Mhadhiri alikuja kwa basi kutoka mjini, mtu msomi na mpole, na naomba msomaji asimbebeshe yeye yaliyotokea. Muhtasari niliuidhinisha mimi.

Wiki nne za kwanza

Wiki ya kwanza walihudhuria wote 34. Ya pili 29, ya tatu 22, ya nne 15.

Ramadhani iliingia wiki ya tatu. Katika mji ambao zaidi ya nusu ya darasa wanafunga, tulikuwa tumeweka kipindi saa ile ile ya kufuturu. Niliitazama ratiba mara nyingi kabla ya kuichapisha na sikuliona hilo, kwa kuwa niliipanga kwa kufuata kalenda ya chuo, na kalenda ya chuo ina mihula na mitihani tu. Jumanne ya kwanza ya mfungo, mhadhiri akiwa katikati ya kumweleza Weber, adhana ya magharibi ikasikika. Watu walitazamana. Mama wa vitenge akafungua mfuko, akatoa tende, akawagawia waliokuwa karibu naye, akampelekea na mhadhiri. Kila mtu alikula tende yake, kipindi kikaendelea. Alhamisi iliyofuata hakuja, wala wengi wa waliokula tende zake.

Lakini Ramadhani haikuwa sababu ya wote. Nilikaa siku mbili nikiwapigia simu wale 19 waliokuwa wameacha, nikawapata 16. Hakuna hata mmoja aliyesema masomo ni magumu. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyefundisha darasa la saba miaka 30, aliniambia: "Mwanangu, nilikuwa nanakili ubao kama mtoto, nikafika nyumbani sijui nimenakili nini." Nesi alisema hivi: "Nilimuuliza mwalimu kwa nini kambi zetu zinaitwa kwa majina ya makabila, akasema tutafika mada ya tisa. Nikahesabu wiki, nikaona mada ya tisa nitakuwa zamu ya usiku." Dereva wa bodaboda alisema alitaka kujua babu yake alikuja lini na kwa njia gani, na alidhani kozi ya historia ndiyo mahali pa kuuliza.

Simu zile ndizo ninazowasihi wenzangu wazipige mapema, wiki ya pili na si ya tano.

Uamuzi wa wiki ya tano

Tulikaa watu watatu: mimi, mhadhiri, na mkuu wa idara. Mezani palikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kufunga kozi na kurudisha ada, ya pili kuendelea na wale 15 mpaka mwisho kama ilivyoandikwa, na ya tatu kuipindua.

Mkuu wa idara alielekea kwenye njia ya pili, na hoja yake haikuwa dhaifu: watu 15 si wachache kwa kozi ya jioni, na muhtasari umeshapitishwa. Mhadhiri alikuwa na wasiwasi mwingine, juu ya lugha. Wapo wanafunzi, alisema, wanaotaka kuendelea hadi chuo kikuu, na huko watakutana na Kiingereza. Tukiwazoesha Kiswahili tutakuwa tumewahurumia leo na kuwaumiza kesho.

Nilichowajibu ni kwamba wale 16 niliozungumza nao hawakuacha kozi kwa kuchoka kusoma. Kila mmoja alikuwa na swali lake, na alipoona swali halina nafasi, akaondoka nalo. Tulikubaliana kubadilisha mambo manne. Kipindi kiwe kimoja kirefu, Jumamosi saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana. Kufundisha na kuandika kuwe kwa Kiswahili, na istilahi muhimu zibandikwe ukutani kwa lugha zote mbili. Mada ya tisa iwe ya kwanza. Na badala ya mtihani, kila kikundi cha watu wanne au watano kikusanye masimulizi ya wazee na vitu vya zamani kuhusu swali moja la mji, kisha kiyaweke mbele ya watu siku ya mwisho.

Mhadhiri ndiye aliyeleta mfano wa kutushika mkono. Aliwaeleza wanafunzi jinsi wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, walivyokwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee juu ya vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, kwa sababu nyaraka zilizokuwapo ziliandikwa na Wajerumani. Darasa lilinyamaza kusikiliza. Mstaafu wetu akauliza: "Kwa hiyo wale nao walikuwa wanafunzi tu?"

Niliwapigia simu tena waliokuwa wameacha. Wanane walirudi.

Kipande

Nataka kueleza asubuhi moja kwa kirefu, maana ndiyo iliyotuonyesha kozi inaweza kuwa nini.

Kikundi cha mwalimu mstaafu kilimtembelea bibi mmoja anayeishi katika nyumba za kambi ya zamani. Alikuwa amepita miaka 80. Baada ya shikamoo na chai aliingia ndani, akatoka na kopo la biskuti lililopauka rangi. Ndani mlikuwa na cheti cha ubatizo, picha moja ya pasipoti, na vipande viwili vya marehemu mumewe. Aliwaruhusu waje navyo darasani, kwa sharti aje navyo mwenyewe. Jumamosi ile tukamleta kwa gari, akakaa mbele, kopo mapajani.

Kipande ni karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja. Juu pana namba, jina, na jina la shamba. Chini vyumba vidogo 30, kila kimoja cha siku moja ya kazi. Hivi viwili vilikuwa vimelainika kama kitambaa kwa kushikwa. Vyumba vingi vilikuwa na alama ya penseli na herufi ndogo za karani. Kwenye kipande cha pili vyumba saba vya mwisho vilijazwa kwa wino, na mkono ulikuwa mwingine.

Mhadhiri aliwauliza maswali mawili tu: kipande hiki kinasema nini, na hakisemi nini? Walikaa nayo saa nzima. Walihesabu vyumba. Walilinganisha tarehe ya kutolewa na tarehe ya malipo, wakaona siku 30 za kazi zilichukua siku 43. Mtumishi wa halmashauri akasema siku 13 zile ni Jumapili na utoro. Nesi akasema zinaweza kuwa homa, kwa kuwa kipande kilitolewa Aprili, na Aprili ni masika, mbu wamejaa. Bibi akacheka, akasema mumewe aliugua kweli, na siku asizokwenda hazikuhesabiwa, na posho nayo ikapungua. Hizo herufi za wino? Karani alihamishwa, akaja mwingine.

Kisha mama wa vitenge, aliyekuwa amerudi, akauliza: "Na kipande chako wewe, Bibi, kiko wapi?"

Bibi alisema: "Mimi sikuwa na kipande. Nilipalilia mistari yake akiwa mgonjwa, nikapalilia na baadaye, miaka. Iliandikwa kwake."

Nimesoma kurasa nyingi juu ya kazi za wanawake kutoandikwa kwenye kumbukumbu za ukoloni, na nimezifundisha. Sijawahi kuona darasa likilielewa jambo hilo kama lilivyolielewa dakika ile. Mhadhiri hakuongeza neno. Aliandika ubaoni: nani aliandika, nani aliandikwa, nani hakuandikwa. Kutoka hapo ndipo alipowarudisha kwa Marx, wiki iliyofuata, na safari hii walibishana naye.

Jumamosi ya maonyesho

Wiki ya 14 tuliandaa maonyesho katika ukumbi wa shule. Vikundi vitano vilipanga meza: chimbuko la majina ya kambi, safari za manamba kutoka Kigoma, kazi ya korona na ajali zake, kipande na mshahara, na nyimbo za wakata mkonge. Walikuja watu zaidi ya mia moja, wengi wao wazee.

Kikundi cha kipande na mshahara kilikuwa kimerekodi wazee saba kwa simu. Kijana mmoja aliunganisha simu na spika ili watu wasikie. Rekodi ya tatu ilikuwa ya mzee aliyesimulia jinsi watu walivyopanga kutoroka shamba kabla ya kumaliza kipande, na jinsi mwenzao mmoja alivyokwenda kuwasema kwa nyapara. Alimtaja kwa jina na jina la baba yake. Aliyetajwa amekwisha kufariki. Binti yake na wajukuu zake wawili walikuwa wamesimama hatua chache kutoka kwenye spika.

Binti alisogea mezani akauliza nani anasema maneno yale. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kiti cha mbele. Alisikia sauti yake ikitoka kwenye spika, akainuka, akatoka nje bila fimbo yake. Kijana alizima, lakini ukumbi mzima ulikuwa umeshasikia.

Nilimfuata mzee nje. Aliniambia jambo ambalo tangu hapo nimelirudia kwa kila darasa: "Nilimwambia mjukuu wa jirani yangu, barazani kwangu. Sikuuambia mji."

Yule mwanafunzi aliomba ruhusa, na hili nataka lieleweke. Kwenye rekodi anasikika akisema, "Babu, naweza kurekodi?" na mzee anajibu, "Rekodi tu, mjukuu wangu." Tulikuwa tumewafundisha kuomba ruhusa ya kurekodi. Hatukuwafundisha kwamba ruhusa ya kurekodi na ruhusa ya kusikilizisha watu ni mambo mawili, na kwamba kuna mtu wa tatu, yule anayetajwa, ambaye hajaombwa chochote.

Tulichofanya baada yake

Maonyesho tuliyafunga saa moja kabla ya muda. Jioni ile mimi, mhadhiri na kiongozi wa kikundi tulikwenda kwanza kwa binti wa marehemu. Hatukujitetea. Tulimweleza kosa ni letu sisi walimu, na rekodi haitasikika tena. Alitusikiliza, akasema baba yake alikuwa na sababu zake ambazo hakuna aliyemuuliza, na sisi tumeleta hukumu bila yeye kuwapo. Tulikubali. Kesho yake tulikwenda kwa mzee tukiwa na wazee wawili wa mtaa, kwa kuwa shauri la namna hii kwetu halimalizwi na vijana peke yao. Alisamehe, akataka rekodi ifutwe mbele yake. Kijana aliifuta pale pale kwenye simu, na nakala iliyokuwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa tuliwaomba wote waiondoe. Siwezi kuapa kwamba wote waliiondoa.

Juma lililofuata tuliwarudia wazee wengine wote, kila mmoja na rekodi yake, tukamsikilizisha mwanzo hadi mwisho, tukamuuliza nini kibaki, nini kitoke, na nani anaweza kusikia. Ilichukua siku tisa. Wawili waliomba majina ya watu yaondolewe. Bibi wa kipande aliomba kitu kimoja kiongezwe: jina lake.

Matokeo

Walioanza walikuwa 34, waliomaliza 21. Wanane kati ya hao ni wale waliorudi baada ya wiki ya tano, na wawili kati ya wale 15 waliokuwa wamebaki waliacha baada ya mabadiliko. Kila kikundi kiliwasilisha maandishi ya kurasa kumi hivi kwa Kiswahili. Walimu watatu wa msingi wameanza kutumia picha za kipande darasani kwao. Kikundi cha nyimbo kinaendelea kukutana bila sisi.

Kuhusu cheti habari si njema. Walimu sita walijiunga wakiamini cheti kitahesabiwa kwenye kupandishwa cheo. Walipokipeleka wakaambiwa ni cheti cha ushiriki, kinawekwa kwenye faili na basi. Tangazo letu lilikuwa limeandika "cheti kitatolewa". Maneno hayo ni ya kweli, na yaliwapotosha.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kuanza na swali la mwanafunzi ndiko kulikoibeba kozi. Mtu mzima hafiki darasani mtupu. Yule dereva alikuja na babu yake, nesi alikuja na majina ya kambi, mama wa vitenge alikuja na macho ya kuona ni nani hayumo kwenye hesabu. Muhtasari wa chuo kikuu uliwachukulia kama vijana waliochelewa, ambao lazima wapite hatua zote ndipo waruhusiwe kuuliza. Tulipougeuza, nadharia haikupotea. Ilikuja ikiwa na kazi ya kufanya. Darasa lililokuwa limesinzia kwa Marx wiki ya pili lilimhitaji wiki ya nane, kwa sababu lilikuwa na kipande mkononi na lilitaka kujua kwa nini siku ya ugonjwa ni hasara ya mgonjwa.

Kiswahili kilifanya zaidi ya kurahisisha. Wazee walisimulia kwa Kiswahili chenye maneno ya shambani: korona, posho, nyapara, kupiga brashi. Ukiyapeleka kwa Kiingereza na kuyarudisha, unapoteza nusu ya ushahidi njiani. Mstaafu wetu aliandika kurasa tatu juu ya neno "manamba" peke yake, jinsi lilivyoanza kuwa la karani, likawa tusi, na sasa wajukuu wanalisema kwa fahari. Sioni kwamba angeziandika kwa lugha nyingine.

Na kuhamia Jumamosi kulisaidia, ingawa hapo hatustahili sifa yoyote. Lilikuwa kosa la wazi tuliloliondoa kwa kuchelewa.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Kubwa ni suala la ruhusa. Tulipobadilisha kozi tulikuwa na haraka na furaha, tukawapa wanafunzi mbinu za kuhoji bila kuwapa uzito wake. Siku hizi ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni vizuri kuijua, lakini fomu ya kisheria peke yake isingetuokoa. Mzee angeitia saini. Angeitia kwa sababu anayemwomba ni mjukuu wa jirani, na hapa mtu hamnyimi mjukuu wa jirani. Undugu huo huo uliofungua mlango ndio uliofanya ruhusa iwe nyepesi mno. Ndiyo maana sasa tunaomba mara tatu: kabla ya kurekodi, siku chache baadaye mzee akishaisikiliza rekodi, na tena kabla ya kuionyesha popote. Mara ya pili anaomba mwanafunzi mwingine, asiye jirani, ili mzee apate nafasi ya kukataa bila kumwonea mtu haya.

Pia tulidhani kwamba kumbukumbu ni nzuri kwa kuwa ni ya wananchi. Masimulizi ya yule mzee yalikuwa upande mmoja, na wanafunzi hawakutafuta upande wa pili. Kwenye kipande walihoji kila herufi. Kwenye sauti ya mzee hawakuhoji, kwa heshima. Ni kazi ya mwalimu kuwafundisha kwamba kumheshimu mzee na kupima maneno yake yanaweza kukaa pamoja, na sisi tuliiruka kazi hiyo.

Mhadhiri naye hakukosea sana juu ya wale wanaotaka kuendelea mbele. Mmoja wa wawili walioacha baada ya mabadiliko alikuwa anajiandaa kujiunga na Chuo Kikuu Huria. Aliniambia kwa adabu kwamba alilipia masomo, akapelekwa kuhoji wazee. Istilahi zilizobandikwa ukutani hazikumtosha. Tungeweza kumpa vipindi vya ziada vya kusoma maandiko ya Kiingereza, saa moja kwa wiki kwa watu watano au sita wenye nia hiyo. Wazo hilo lilinijia kozi ilipokwisha.

Na cheti. Mtu mzima anayekuja kwa ajili ya kupanda cheo ana sababu halali kabisa kama anayekuja kwa ajili ya babu yake. Alistahili kuambiwa ukweli kabla ya kutoa awamu ya kwanza ya ada. Tangazo la sasa lina mstari mmoja ulioandikwa kwa herufi kubwa kuliko mengine: cheti hiki hakihesabiwi katika kupandishwa cheo. Waliojiandikisha kozi iliyofuata walipungua hadi 23, na kati yao walimaliza 20.

Mambo yaliyobaki bila jibu

Rekodi zote zilizobaki ziko kwenye fleshi moja ndani ya droo ya ofisi yangu, na nakala moja iko kwa kiongozi wa kikundi. Maktaba ya wilaya haina mahali pa kuziweka. Nyaraka za taifa ziko Dar es Salaam, na wazee waliotusimulia hawajawahi kusema kama wanataka sauti zao ziende huko. Kila mmoja tulimuuliza nani asikie akiwa hai. Hatukumuuliza nani asikie baadaye. Tangu hapo wawili wamefariki. Watoto wao wako Kigoma na Dar es Salaam, na orodha ya namba zao za simu ndiyo ninayoifanyia kazi sasa.